Nyoka wa Miti katika Ukambani: Wa Kuachwa na wa Kuogopwa

Katika vilima vya Iveti na Mua, na chini katika nchi kavu ya Masii, Mwala na Yatta, ni shida kuliona shamba lisilo na mti. Mwembe hutoa matunda na kivuli, mgunga hutoa kuni na malisho ya mbuzi, na mkuyu huonyesha mahali penye maji. Lakini mti ni nyumba ya wengi. Ndege hufuma viota vyao humo, vinyonga hutambaa juu ya matawi, na mahali palipo na ndege na vinyonga, nyoka hakosi kuja. Kwa hiyo mkulima wa Machakos, apende asipende, ni jirani ya nyoka wa miti. Na jirani yafaa ajulikane kwa tabia zake, wala si kwa uvumi.

Uvumi uliopo ni wa namna mbili, na kila mmoja una hasara yake. Wako wasemao ya kwamba nyoka yeyote wa kijani aonekanaye mtini ni koboko, na kwamba amwumaye hafiki nyumbani. Watu hao humpiga kila nyoka kwa mawe na fimbo bila kumwuliza kosa lake. Wako na wengine, hasa waliosoma kidogo habari za wanyama, wasemao ya kwamba nyoka wa miti ana meno ya sumu nyuma ya kinywa, kwa hiyo sumu yake ni hafifu, na hawezi kumdhuru mtu mzima. Hawa humwacha mtoto amshike nyoka kwa mkia na kumchezea. Wale wa kwanza huwaua wanyama wengi wasio na hatia. Hawa wa pili hujiweka katika hatari kubwa zaidi, nao hawajui.

MENO YA NYOKA NI YA NAMNA TATU

Ili kuelewa jambo hili, hapana budi kutazama kwanza kinywa cha nyoka. Wako nyoka wasio na jino la sumu hata moja. Chatu ni mmojawapo. Huua kwa kukaza mwili wake, si kwa sumu. Wako wenye meno ya sumu mbele ya kinywa, kama swila, koboko na kifutu. Meno yao yana tundu ndani mfano wa sindano ya daktari, na sumu hupita humo mara tu wanapouma. Hao ndio wanaojulikana na kuogopwa kila mahali.

Kati ya makundi hayo mawili liko kundi la tatu. Nyoka wa kundi hili wana meno ya sumu nyuma, karibu chini ya jicho. Jino lao halina tundu, bali lina mfereji ubavuni, na sumu hutiririka katika mfereji huo polepole wakati nyoka anapotafuna. Kwa sababu hiyo wengi wao hawana nguvu ya kumdhuru mtu. Sumu yao ni ya kumlegeza mjusi, chura au ndege mdogo kabla ya kummeza. Hapo ndipo yalipotoka maneno kwamba nyoka wa meno ya nyuma si kitu. Maneno hayo ni kweli kwa wengi wa kundi hilo, lakini si kwa wote.

WALE WASIO NA NENO

Nyoka mwembamba wa kijani aonekanaye mara nyingi katika michungwa, katika ua wa miti, au akipita juu ya paa la nyumba, mara nyingi ni nyoka asiye na sumu kabisa. Iko aina moja yenye madoa meusi sehemu ya mbele ya mwili, nayo huishi katika nchi kavu yenye vichaka. Hupanda hata ukuta wa nyumba kwa wepesi wa ajabu, kwa kuwa magamba ya tumboni yana kingo zinazoshika kila penye mkwaruzo. Chakula chake ni mijusi na vyura. Aina nyingine hupenda kukaa karibu na mito na mabwawa, nayo hula vyura na samaki wadogo. Nyoka huyo wa mabwawani alipewa jina la kitaalamu mwaka 1951 na Arthur Loveridge, Mwingereza ambaye miaka mingi kabla ya hapo alikuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, na ambaye aliandika mengi juu ya nyoka na mijusi wa Afrika ya Mashariki.

Yuko pia nyoka wa usiku wa nchi kavu za kusini-mashariki ya Kenya, mwenye rangi ya machungwa iliyofifia na mikanda au madoa meusi mgongoni. Huyu ni wa kundi la meno ya nyuma, na sumu yake ni hafifu kweli. Hutembea polepole usiku, hupanda miti, na pengine huingia katika paa kutafuta mijusi ya nyumbani na popo. Akimwuma mtu huleta maumivu kidogo na uvimbe mdogo, nayo hupita. Kama nyoka wote wa meno ya nyuma wangekuwa kama huyu, makala hii isingekuwa na haja ya kuendelea.

MWENYE MACHO MAKUBWA

Lakini katika miti ileile anakaa nyoka mwingine wa meno ya nyuma, naye si wa kudharauliwa hata kidogo. Makaburu wa Afrika ya Kusini humwita boomslang, yaani nyoka wa mti, na jina hilo limeenea katika vitabu vya dunia yote. Anapatikana sehemu nyingi za Afrika kusini ya jangwa la Sahara, penye miti na vichaka. Havutiwi na jangwa tupu wala na msitu mnene sana. Nchi ya Ukambani, yenye migunga, miembe na vichaka, inamfaa vizuri.

Urefu wake kwa kawaida ni kati ya mita 1 na mita 1.5, na wengine huzidi. Kichwa chake ni kifupi na kinene, mfano wa yai, na macho yake ni makubwa mno kuliko ya nyoka wengine. Magamba yake hayang'ai kama ya yule nyoka mwembamba asiye na sumu. Yana mgongo katikati, kwa hiyo ngozi huonekana kama imekwaruzwa. Rangi haiaminiki hata kidogo. Mmoja huwa kijani kitupu, mwingine kahawia, mwingine kijivu, mwingine mweusi. Watoto wake ni wa kijivu na kahawia, koo lina rangi ya manjano, na macho yao ni ya kijani kizuri cha kung'aa.

Mchana ndio wakati wake wa kazi. Hukaa kimya kabisa juu ya tawi, sehemu ya mbele ya mwili ikiwa imenyoshwa hewani, hata mtu aweza kudhani ni kijiti. Akimwona kinyonga humfuata upesi, humshika kwa nguvu na kumtafuna mpaka sumu iingie. Kinyonga ni chakula chake akipendacho, na baadaye mijusi, vyura, makinda ya ndege na mayai. Ndege wafumao viota kwa makundi humjua sana. Mkulima akisikia ndege wadogo wa namna mbalimbali wakipiga kelele kwa pamoja kuzunguka tawi moja, na wakirukaruka bila kuondoka, huenda wamemwona adui wao. Kelele hizo ni onyo la bure kwa mtu anayetaka kupanda mti.

Jike hutaga mayai kati ya 8 na 25, pengine zaidi kidogo, katika tundu la mti au chini ya majani yaliyooza penye joto na unyevu. Baada ya miezi 2 au 3 mayai huanguliwa, na kila mtoto huanza kujitafutia chakula mwenyewe siku hiyohiyo, bila mama wala mlezi.

Tabia ya nyoka huyu ni ya woga. Akimsikia mtu, jambo la kwanza ni kukimbia juu mtini. Akizuiwa, hujaza shingo hewa mpaka ikavimba na ngozi iliyo kati ya magamba ikaonekana. Hiyo ndiyo dalili ya mwisho, asiyeisikia ataumwa. Na hapa ndipo wanapokosea wale wasemao kwamba meno ya nyuma hayafiki. Nyoka huyu ana uwezo wa kufunua kinywa chake kwa upana wa ajabu, hata meno ya nyuma yakashika mkono, mguu au bega, wala si ncha ya kidole peke yake.

WATAALAMU WALIODHARAU

Zamani hata wataalamu walimhesabu nyoka huyu kuwa si wa hatari kwa mtu. Mawazo hayo yalianza kubadilika mapema katika karne ya 20, wakati F. W. FitzSimons, mkuu wa makumbusho ya Port Elizabeth katika Afrika ya Kusini, alipoona jinsi sumu yake inavyomdhuru mtu na kutoa habari zake. Lakini mawazo ya zamani hayafi upesi, na miaka 50 baadaye yalimpata mtu ambaye watu wote walimdhania kuwa hawezi kukosea.

Mtu huyo ni Karl Patterson Schmidt wa Marekani, mmoja wa wajuzi wakubwa wa nyoka katika dunia ya wakati wake. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Chicago. Tarehe 25 Septemba 1957 aliletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama ya Lincoln Park, ili aseme ni wa aina gani. Nyoka alikuwa na urefu wa sentimita 76 tu. Schmidt alipomshika, nyoka alimwuma katika dole gumba la mkono wa kushoto. Jino moja tu ndilo lililoingia sana, na tundu lake halikuzidi milimita 3.

Schmidt na wenzake walilipima jambo hilo wakaona si kubwa: nyoka ni mtoto, jino ni moja, jeraha ni dogo. Kwa desturi ya mtaalamu, alichukua kalamu akaandika kila dalili na saa yake. Alipanda gari la moshi kurudi nyumbani, akaona kichefuchefu. Jioni akapata baridi na homa, na ufizi ukaanza kutoa damu. Usiku alilala, na asubuhi akala chakula chake, akapiga simu makumbusho kwamba amepata nafuu. Mchana hali yake ilibadilika ghafula, na kiasi cha saa 9 alasiri siku ile ya tarehe 26 alikuwa amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 67. Walipochunguza maiti waliona kwamba damu ilikuwa imevuja katika mapafu, figo, moyo na ubongo.

Miaka 18 baadaye, katika Ujerumani, mjuzi mwingine mwenye sifa kubwa, Robert Mertens wa makumbusho ya Senckenberg mjini Frankfurt, aliumwa na nyoka aliyemfuga nyumbani. Huyo alikuwa nyoka mwembamba wa rangi ya kijiti, ndugu wa nyoka wa mti, ambaye jamii yake hupatikana pia katika pwani ya Kenya. Mertens aliugua siku 18, akafa mwezi wa Agosti 1975. Kwa sumu ya nyoka huyo wa kijiti hakuna dawa maalumu hata leo.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mabwana hawa wawili hawakuwa wajinga. Walijua kuliko karibu watu wote. Kilichowaua ni kuamini kwamba kitu kidogo hakiwezi kuleta jambo kubwa.

JINSI SUMU INAVYOFANYA KAZI

Sumu ya swila humlegeza mtu viungo na pumzi kwa muda mfupi, na sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Sumu ya nyoka wa mti haifanyi hivyo. Kazi yake ni katika damu. Katika damu ya kila mtu mna vitu vinavyoifanya igande penye jeraha. Bila vitu hivyo mtu akikwaruzwa na mwiba angevuja damu bila kukoma. Sumu hii huvichochea vitu hivyo vifanye kazi pasipo haja, kidogokidogo, mwili mzima, mpaka vikaisha. Hapo damu hubaki kama maji, haina tena nguvu ya kuganda, ikaanza kutoka katika ufizi, pua, jeraha la zamani, mkojo, na mwishowe ndani ya viungo vya mwili.

Jambo la kuogofya ni kwamba kazi hiyo huchukua saa nyingi. Mtu aliyeumwa huweza kuona maumivu madogo na uvimbe mdogo tu, akarudi shambani, akala, akalala. Dalili huweza kutokea baada ya saa chache, na pengine baada ya siku nzima. Ndiyo sababu watu walidhani sumu ni hafifu: mgonjwa alipokufa kesho yake, wengi hawakukumbuka tena lile jeraha dogo la jana.

LA KUFANYA MTU AKIUMWA

Mtu aliyeumwa na nyoka yeyote mtini, hata kama haoni maumivu, apelekwe hospitali siku ileile, naye asingoje dalili. Atulizwe, avuliwe pete, bangili na saa kabla ya mkono kuvimba, na kiungo kilichoumwa kisichezechezwe. Kama gari haliko karibu, achukuliwe kwa machela au pikipiki, asikimbizwe kwa miguu.

Jeraha lisichanjwe kwa wembe. Kuchanja ni kosa kwa nyoka yeyote, lakini kwa huyu ni kosa kubwa zaidi, kwa maana damu isiyoganda hutoka katika kila chale. Lisinyonywe kwa kinywa, wala kiungo kisifungwe kwa kamba. Jiwe jeusi la nyoka halitoi sumu hii katika damu. Vidonge vya aspirini visitumike kwa maumivu, kwa kuwa huongeza kutoka kwa damu. Wala nyoka asifuatwe ili auawe na kupelekwa kwa daktari. Wengi wamepata jeraha la pili kwa njia hiyo. Kama mtu ana simu yenye kamera, picha iliyopigwa kwa mbali yatosha.

Huko hospitali kipo kipimo kisichohitaji mashine. Damu kidogo ya mgonjwa hutiwa katika chupa ndogo ya kioo, mpya, safi na kavu, ikaachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha ikainamishwa. Damu nzima itakuwa imeganda. Damu iliyoharibiwa na sumu itamiminika kama maji. Kwa kuwa sumu hufanya kazi polepole, kipimo kikiwa chema mara ya kwanza hurudiwa tena baadaye, na mgonjwa hulazwa walau siku moja atazamwe. Ndugu zake wasimwombee ruhusa ya kurudi nyumbani kwa sababu tu anacheka na kula.

Dawa ya kweli ya sumu hii ipo, nayo hutengenezwa Johannesburg katika Afrika ya Kusini. Ni dawa ya nyoka huyu peke yake. Dawa ya mchanganyiko itumiwayo kwa swila, koboko na kifutu haimfai kabisa mtu aliyeumwa na nyoka wa mti. Kwa sababu hiyo ni muhimu sana mgonjwa aeleze vizuri: nyoka alikuwa wapi, ni mchana au usiku, macho yake yalikuwaje, shingo ilivimba au la. Maneno machache kama hayo humwongoza daktari kutafuta dawa iliyo sawa. Kwa bahati njema, kwa kuwa sumu hukawia, dawa hiyo imewafaa wagonjwa hata ilipochelewa. Lakini haikai katika kila hospitali, tena ni ya gharama kubwa. Basi kila saa iliyopotea nyumbani ni saa iliyoondolewa katika kuitafuta.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Shirika hilo linakisia kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa ajili ya nyoka. Wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini. Nyoka wa mti anaua wachache sana kati ya hao, kwa kuwa huwakimbia watu. Na wengi aliowauma ni wale waliomshika kwa mikono yao.

KUKAA NAYE KWA AMANI

Je, basi, nyoka wa miti auawe kila anapoonekana? La. Mtu anayempiga nyoka mtini hukaribia kinywa chake, na hapo ndipo ajali hutokea. Isitoshe, mara nyingi aliyeuawa ni yule wa kijani asiye na sumu, ambaye hakuna ajuaye faida ya kumwua. Wala si lazima kuogopa kwamba kila wa kijani ni koboko. Makao makubwa ya koboko wa kijani ni misitu ya pwani, na huku bara huonekana mahali pachache tu, kama vile milima ya Nyambene. Koboko mwingine, aitwaye mweusi, ndiye anayepatikana katika Ukambani, naye ana rangi ya kijivu au zeituni, kichwa kirefu, na kinywa cheusi ndani.

Njia iliyo bora ni kumnyima nyoka sababu ya kukaribia nyumba. Matawi yanayogusa paa yakatwe. Miti ya kuni ipangwe mbali na mlango. Kabla ya kupanda mwembe au kutia mkono katika tundu la mti au kiota, mtu atazame kwanza, apige tawi kwa fimbo ndefu na kungoja kidogo. Nyoka atajiondokea mwenyewe. Watoto wafundishwe sheria moja, fupi na rahisi kukumbuka: nyoka hutazamwa kwa macho, hashikwi kwa mkono, awe mkubwa au mdogo, wa kijani au wa kahawia, hai au anayedhaniwa kuwa amekufa. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wawaone nyoka hawa bila hatari aweza kuwapeleka katika bustani ya nyoka iliyo karibu na Makumbusho ya Nairobi, ambako kioo husimama kati ya jicho na jino.

Katika shamba, nyoka wa mti ana kazi yake kama mwewe alivyo na yake. Hamdai mkulima chochote ila aachiwe tawi lake. Mwenye shamba akimpa nafasi hiyo, akakata matawi ya paani, akawafundisha watoto wake, na akaijua njia ya hospitali kabla haijahitajika, atavuna maembe yake miaka mingi, naye nyoka atawinda vinyonga vyake huko juu bila wao wawili kukutana.